Kifaa cha Moduli Si cha Kuungaunga

Tangu kanuni za Umoja wa Ulaya kuhusu uimara na urekebishaji wa simu na tableti zianze kutumika tarehe 20 Juni 2025, sisi tunaopokea malalamiko ya wanunuzi tunaulizwa swali lilelile: je, sasa kila simu itafunguka kwa mkono? Hapana, na hilo halikukusudiwa.

Kifaa cha moduli ni kile ambacho sehemu inayochakaa mapema, hasa betri, kioo na tundu la chaji, hutolewa peke yake bila kuharibu zilizo nzima. Anayetarajia kuongeza kamera ya kampuni yoyote kila akipenda anafikiria kitu kingine. Google ilikijaribu kwa mradi wa Ara, ikaufuta mwaka 2016. Kilichodumu ni cha kawaida zaidi, mfano simu ya Fairphone 2 ya mwaka 2015, ambayo kioo chake kilitoka bila hata bisibisi.

Wengine hushikilia kwamba simu yenye betri ya kutoa haiwezi kuzuia maji. Simu ya Samsung Galaxy XCover6 Pro ya mwaka 2022 betri yake hutolewa kwa mkono, na ina kiwango cha IP68, yaani haiingii vumbi na hustahimili kuzama majini. Hoja hiyo tungeomba ipumzishwe.

Utaratibu wa kanuni hizo ndio unaowachanganya wengi. Mtengenezaji anatakiwa kuwa na vipuri muhimu kwa miaka 7 baada ya modeli kuacha kuingizwa sokoni, na kutangaza bei zake elekezi. Anaweza kuwaachia mafundi waliobobea kazi ya kubadilisha betri, ilimradi betri hiyo ibaki na angalau asilimia 83 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 ya chaji, na asilimia 80 baada ya mizunguko 1,000, na kifaa kistahimili vumbi pamoja na kuzama mita 1 kwa dakika 30. Masharti haya huenda pamoja. Kutimiza moja hakutoshi.

Katika vipimo vingi, mamlaka ya ukaguzi ya nchi mwanachama hupima kifaa kimoja. Kikishindwa, huchukuliwa vingine 3 vya modeli hiyohiyo. Wastani wake nao ukishindwa, modeli nzima huhesabiwa kuwa imekiuka, pamoja na zile zinazolingana nayo hata kama zina jina tofauti. Adhabu hupangwa na kila nchi mwanachama. Kwa hiyo simu yako moja iliyogoma kufunguka haithibitishi ukiukaji, ingawa malalamiko yenye namba ya modeli hutusaidia. Yasiyo na namba hatuna pa kuyapeleka.

Linalosahaulika ni programu. Kuna vipuri vyenye namba ya utambulisho ambavyo simu huvikataa mpaka viidhinishwe, hata vikiwa halisi. Kanuni inamtaka mtengenezaji awape mafundi waliobobea, bila ubaguzi, zana za kuviidhinisha. Basi kabla ya kununua, usiishie kuuliza kama kifaa kinafunguka. Uliza bei ya betri yake, na nani ataidhinisha kioo kipya kikishafungwa.