Bunduki ya marisau ya ganda moja

Bunduki hii huitwa pia "bunduki ya risasi moja", jina linalopotosha kidogo. Kilicho kimoja ni ganda, kifuko cha baruti kinachotiwa kwa kila mpigo. Ndani yake mna marisau, punje nyingi zinazotawanyika zikitoka mtutuni. Wala si gobori. Gobori hushindiliwa baruti kwa mbele, ilhali hii ina bawaba: mtutu unainama, unatia ganda kwa nyuma, unafunga, unavuta nyundo kwa dole gumba. Ukishafyatua, unaikunja upya.

Namba zake za upana wa mtutu nazo zina hesabu ya kale. "Namba 12" maana yake ni kwamba ratili moja ya madini ya risasi ikigawanywa tufe 12 sawasawa, kila tufe lingeenea mtutu huo. Kwa hiyo namba 20 ni nyembamba kuliko 12. Ile ya .410 tu ndiyo hupimwa kwa inchi, yaani tundu la mtutu wake lina upana wa inchi 0.410.

Bunduki hii ilikuwa ya bei nafuu. Kwa nini? Bunduki za fahari za karne ya 19, hasa za Uingereza, zilikuwa za mitutu miwili, na kazi ngumu ilikuwa kuiunganisha ili yote miwili ipige mahali pamoja. Kazi hiyo ilitaka fundi hodari na siku nyingi. Ondoa mtutu mmoja, na gharama hiyo yote imeondoka. Viwanda vya Massachusetts, Marekani, viliona hilo: Stevens, Harrington & Richardson, na Iver Johnson, ambaye bunduki yake iitwayo Champion ilitoka 1909. Vipuri vilichongwa kwa mashine. Winchester, kampuni nyingine ya bunduki ya Marekani, ilijiunga 1936 na bunduki yake iitwayo Model 37, ikauza zaidi ya milioni moja kabla ya kuiacha 1963.

Mnunuzi alikuwa mkulima mwenye kunguru shambani, au kijana anayefundishwa kuwinda sungura. Aliagiza kwa posta kutoka katalogi ya Sears au Montgomery Ward, maduka makubwa ya Marekani, mpaka sheria ya nchi hiyo ya 1968 ilipokomesha biashara hiyo. Maduka hayo hayakuwa na viwanda vya bunduki. Yaligonga majina yao juu ya kazi ya wengine. Stevens ileile ikawa Ranger kwa Sears na Western Field kwa Montgomery Ward. Ndiyo maana aliyerithi Ranger ya babu yake, akitafuta kipuri leo, huambiwa aulizie cha Stevens.