Kilimia kitaishia wapi? Maisha ya nyota ndani ya kompyuta

Desemba, wakati wakulima wa Bahi na Chamwino wanapanda uwele na mtama, kundi la nyota liitwalo Kilimia huonekana kaskazini-mashariki mara giza linapoingia. Kwa macho tunahesabu nyota sita au saba. Darubini huonyesha zaidi ya 1,000, zote zilizaliwa katika wingu moja la gesi yapata miaka milioni 100 iliyopita.

Hakuna atakayeishi kuona mwisho wake, kwa hiyo tunaukokotoa. Kanuni ni ya Newton: kila nyota huivuta kila nyingine. Nyota 1,000 zina jozi 499,500. Kompyuta hupiga hesabu ya mvutano wa kila jozi, husogeza nyota zote kwa hatua ndogo ya muda, kisha huanza upya. Mwaka 1960 Sebastian von Hoerner, Ujerumani, alimudu nyota 16 tu. Mwaka 2016 zilichapishwa hesabu za nyota milioni moja.

Watu hudhani shida ni wingi. Mimi nasema shida kubwa zaidi ni ukaribu. Zipo nyota mbili zinazozungukana kwa siku chache, ilhali maisha ya kundi zima ni mamilioni ya miaka. Ukichukua hatua ndefu, hesabu huzirusha nyota hizo ovyo. Ukichukua fupi, kompyuta haimalizi. Sverre Aarseth wa Cambridge alitumia miongo mingi kutafuta njia: kila nyota ipewe hatua yake, na jozi za karibu zikokotolewe kipekee.

Kwa nini tusizitupe tu jozi hizo? Kwa sababu ndizo zinazoliokoa kundi. Nyota nzito huzama katikati, nyepesi hupata kasi na baadhi hutoroka, na kiini cha kundi huendelea kusinyaa. Nyota ya tatu ikiipitia jozi iliyoshikamana, mara nyingi jozi hukazana zaidi na mpita njia huondoka na kasi mpya. Nishati hiyo ndiyo inayozuia kiini kuporomoka.

Kilimia chenyewe kitatawanyika ndani ya miaka milioni mia kadhaa, kikivutwa pia na Njia ya Maziwa, galaksi yetu.

Mwanafunzi wa Dodoma mwenye kompyuta mpakato ya kawaida anaweza kuanza na nyota 100. Picha zitapendeza mapema mno, asizishangilie. Kwanza apime jumla ya nishati mwanzoni na mwishoni. Jumla hiyo haipaswi kubadilika; ikiwa imebadilika sana, programu ina kasoro au hatua ni ndefu mno.