Reli za tramu zilikufa kwenye viungio

Bado naambiwa kwamba reli za tramu za zamani, yale magari ya abiria yanayopita kwenye reli barabarani, zililika juu taratibu mpaka zikaisha. Hapana! Nyingi ziling'olewa huku katikati zikiwa na chuma cha kutosha. Kilichoziua ni viungio, pale ncha za reli mbili zinapokutana na kuacha pengo dogo.

Tramu za farasi zilikuwa nyepesi. Umeme ulipoenea miaka ya 1890, magari yakawa mazito mara kadhaa. Kila gurudumu likivuka pengo hugonga ncha ya reli inayofuata. Ncha inabonyea, bolti zinalegea, kokoto za chini zinasagika, na pigo linalofuata linazidi nguvu.

"Si wangekaza bolti tu?" Bolti zilikuwa chini ya mawe ya barabara. Na hata ukiyang'oa mawe ukazifikia, bamba la kuungia (chuma kinachofungwa kwa bolti ubavuni mwa reli mbili) na sehemu ya reli linapokalia vimeshalika vyote viwili, hasa pale penye pengo. Ukifunga bamba jipya lililonyooka, linabana pembeni tu, katikati linaelea. Kaza unavyotaka, reli itaendelea kucheza. Dawa ni kuweka kipande chembamba cha chuma katikati, au kutumia bamba lenye mbinuko kidogo.

Mpangilio wa kazi nao una maana. Nyanyua reli, shindilia chini yake, kaza bolti, laza rula ya chuma ya mita 1 juu ya kiungio, ndipo usage kichwa cha reli. Anayeanza na kusaga ananyoosha reli ambayo bado inazama, shimo litarudi.

Kiungio kikilegea, waya wa shaba unaounganisha reli mbili ili umeme wa tramu urudi kupitia reli nao hukatika. Umeme unahamia kwenye mabomba ya maji na kuyala. Ndiyo maana Uingereza iliweka kikomo cha tofauti ya volti 7 kati ya sehemu moja ya reli na nyingine.

Mwaka 1899, Essen, Ujerumani, viungio vilianza kuchomelewa kwa thamiti: unga wa alumini na oksidi ya chuma. Waliohofia reli isiyo na pengo ingepinda kwa joto la jua walisahau kwamba imezikwa. Barabara inaibana pande zote, na jua linaona kichwa tu.

Mawimbi yanayojitokeza juu ya reli ni shauri jingine. Wahandisi walibishana kuhusu chanzo chake tangu siku hizo, na mpaka leo hakuna sababu moja inayoeleza kila njia. Yalisagwa kwa mawe, yakarudi.

Ila kabla ya kugharimia kiungio chochote, pima kina cha mfereji wa reli, ule ambamo ukingo wa gurudumu hupita. Ukingo wa gurudumu ukishagusa sakafu yake, reli hiyo ni ya kubadilishwa.