Mkaa si kuni zilizoungua nusu

Wengi wetu tunaamini mkaa ni kuni zilizowashwa kisha zikazimwa kabla hazijawa majivu. Sivyo. Kuni zikipata hewa ya kutosha huungua zote. Mkaa hupatikana kwa kuzinyima hewa.

Angalia tanuri la udongo. Magogo hupangwa, hufunikwa kwa majani na udongo, kisha moto huwashwa kwenye tundu dogo. Sehemu ndogo ya kuni ndiyo inayoungua ili kupasha joto zilizobaki. Kwanza hutoka maji, ndiyo maana moshi wa mwanzo ni mweupe na mzito. Joto likipita nyuzi 280 za Selsiasi hivi, mti huanza kuvunjika wenyewe: hutoka gesi zinazowaka, asidi ileile iliyomo kwenye siki, lami, na methanoli, aina ya alkoholi ambayo zamani ilitengenezwa hivyohivyo. Kinachobaki kwa wingi ni kaboni. Moshi ukigeuka mwembamba wa buluu, mkaa umeiva.

Udongo ukipasuka usiku mchomaji asijue, hewa huingia na asubuhi hukuta majivu. Inauma, maana hata tanuri likienda vizuri, kilo 100 za kuni mara nyingi hutoa mkaa usiozidi kilo 20.