Tufe nene si dawa ya njia mbovu

Gereji nyingi utaambiwa hivi: ukitaka kuvuta tela porini, funga nyuma ya gari tufe nene la chuma la kushikia tela, umemaliza. Kauli hiyo ina umri mrefu, na inatibu ugonjwa ambao haupo. Tufe la kawaida la milimita 50 hupatikana hata la kuvuta kilo 3,500. Nguvu ipo.

Shida ni pembe. Gari linapanda ukingo wa korongo, tairi za kushoto ziko juu, tela bado limelalia upande wa pili. Kikombe kilicho mwisho wa mkono wa tela kimelikumbatia tufe. Kikisokotwa kupita nyuzi 25 hivi, mdomo wake unagonga shingo ya tufe. Hapo gari zima linageuka mtaimbo wa kukibandua. Unene hausaidii kitu: shingo ikiwa nene zaidi, mdomo unaigonga mapema zaidi.

Kwa njia za namna hiyo tafuta kiungo kinachozunguka chenyewe. Ndoana na pete, kama za malori ya jeshi, huvumilia msokoto mkubwa, ila zina nafasi ndani, kwa hiyo kila breki ni kishindo (mgongo wako utakumbuka). DO35, kiungo cha tela kutoka Australia, huzunguka nyuzi 360 na hukaza vizuri, ingawa bei yake haichekeshi.

Barabara ya vumbi iliyo tambarare? Baki na tufe lako, lipake grisi. Minyororo ya usalama ipishanishe chini ya kiungo, ili tela likichomoka mkono wake udakwe usichimbe ardhi.