Dimensha kabla ya miaka 65: si uchawi, na si lazima mtoto airithi

Huku kwetu Arua, Uganda, mtu akifika miaka 48 akaanza kupotea njia ya sokoni, neno la kwanza ni karogwa, la pili ni waragi, pombe kali ya huku. Waragi inaharibu ubongo kweli, sikatai, lakini dimensha, yaani ubongo kuharibika taratibu mpaka akili inapungua, inampata hata asiyewahi kugusa chupa. Na wale wanaosema ni ya vikongwe tu, mgonjwa aliyeonwa na daktari Alois Alzheimer kule Ujerumani mwaka 1901 alikuwa na miaka 51.

Tena si lazima ianze na kusahau. Kuna aina inaanza sehemu ya mbele ya ubongo, mtu anakumbuka kila kitu ila tabia inageuka, mama anayeheshimika anaanza kutukana wageni, anakula sukari kwa kijiko moja kwa moja toka kwenye kopo, anabeba vitu dukani bila kulipa na haoni haya. Familia inaita mchungaji! Mwaka 2011 watafiti waligundua kwamba kwenye baadhi ya koo shida ni jeni (maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi) iitwayo C9orf72, kipande kifupi cha DNA kinajirudia hata mamia ya mara wakati kwa wengine ni mara chache tu, na jeni hiyohiyo inaweza kumpa ndugu mmoja dimensha na mwingine ugonjwa wa misuli kuisha nguvu mpaka anashindwa kumeza. Hapo ukoo unahesabu laana mbili.

Sasa mama akiugua ndo na wewe umekwisha? Hapana bwana. Wengi wanaougua mapema hawana jeni moja ya kulaumiwa. Kwa Alzheimer, aina ya dimensha iliyopewa jina la yule daktari, zinajulikana jeni tatu, APP, PSEN1 na PSEN2, mzazi akiwa na kasoro kwenye mojawapo kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, na hiyo nusu ni ya kila mtoto kivyake, msije mkasema wawili washaugua basi waliobaki wamepona. Hata kuirithi kuna maajabu yake, Colombia kuna mama alibeba kasoro ya PSEN1 inayowashika ndugu zake kwenye miaka ya 40, yeye akafika 70 bado yuko sawa, habari ikatoka 2019 kwamba alikuwa na badiliko la nadra kwenye jeni nyingine, APOE.

Halafu huyu mtafiti wa posdoki (kazi ya utafiti ya muda baada ya PhD) anayeomba damu kwa familia zenye wagonjwa, watu wanasema eti ni mwanafunzi anatafuta digrii. PhD alishamaliza zamani, yuko kwenye mkataba, na siku nyingi anashinda kwenye kompyuta akilinganisha DNA ya ndugu mgonjwa na ya mzima. Muulizeni damu inaenda wapi na ruhusa ya kamati ya maadili iko wapi, ni haki yenu, na kukataa pia ni haki. Ila msiseme jeni hizo ni za Wazungu. Tatizo ni kwamba DNA nyingi zilizosomwa duniani ni za watu wa asili ya Ulaya, kwa hiyo badiliko geni likionekana kwa Mlugbara, mtu wa kabila la huku Arua, ni vigumu kujua kama ni ugonjwa au ni kawaida tu ya watu wa huku.

Na kabla ya mambo ya jeni mgonjwa apimwe kwanza kaswende, HIV, tezi ya shingo na vitamini B12, maana hizo nazo zinavuruga akili na zina matibabu.