Wakili wa mtoto anatoka wapi?

Swali ninaloulizwa sana kwenye veranda ya mahakama hapa Malindi ni hili: "Wakili, wewe ni wetu au ni wa serikali?" Huuliza mama, mjomba, wakati mwingine bibi aliyetoka Marafa alfajiri. Nami hujibu palepale: mimi ni wa mtoto.

Mtoto aliyetelekezwa, anayepigwa, au ambaye jamaa wanapanga kumwoza, hufikishwa mbele ya hakimu kama mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi. Kwa kawaida anayemleta ni afisa wa watoto au polisi. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inampa hakimu uwezo wa kuamuru mtoto asiye na wakili apewe mmoja. Hakimu anaweza pia kumteua mlezi wa kesi, mtu wa kulinda maslahi ya mtoto hadi shauri liishe.

Shida ni kwamba katika kesi hizi za ulinzi uamuzi huo uko mikononi mwa hakimu. Asubuhi yenye mafaili mengi, ripoti ya afisa inasomwa, amri inatolewa, na mtoto anaondoka bila yeyote kusema kwa niaba yake. Hilo linaniuma kila nikiliona.

Amri ikitoka, lazima apatikane wakili. Kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, kuna mashirika, na kuna sisi wa mjini tunaojitolea. Mtoto mwenyewe hadaiwi hata senti.

Nikishapewa faili, naisoma, kisha namtafuta mtoto kabla ya siku ya kutajwa. Simhoji mbele ya wazazi. Tunakaa chini, namwambia mimi ni nani, na hakimu atataka kuamua nini. Msichana mmoja wa miaka tisa alinisikiliza kimya, kisha akauliza: "Na Juma atalala wapi?" Juma ni mdogo wake (jina nimelibadilisha). Ripoti nzima ilizungumzia makao ya watoto atakayopelekwa msichana. Kuhusu hao wawili kukaa pamoja, hakuna aliyekuwa ameandika neno. Nikaliweka mbele ya hakimu, na afisa akaagizwa amtafute jamaa anayeweza kuwachukua wote wawili.

Sikubaliani na mtoto kwa kila jambo. Akitaka kurudi kwenye nyumba anayoumizwa, namweleza hakimu matakwa yake bila kuyapunguza, lakini naeleza pia hatari iliyopo, kwa sababu Katiba, kifungu cha 53, inaweka maslahi ya mtoto mbele ya yote.

Kwa hiyo kama kuna kesi ya mtoto wenu, ombeni wakili siku ya kwanza faili inapotajwa. Mwambieni afisa wa watoto, au simameni mumwambie hakimu wenyewe. Na kama mtoto yuko hatarini na kesi haijafunguliwa, pigeni 116. Simu hiyo ni ya bure.